Ngoma Juu ya Ngazi ya Chemchemi

24 Juni

Kifusi cha barabara mpya kitamwagwa kwenye mteremko mmoja kati ya miwili ya Naugari mara mvua zitakapokwisha. Amesema hayo leo mhandisi Tomar, anayesimamia ujenzi, dukani kwa Puran, glasi ya chai mkononi na tope likiwa limempanda hadi magotini.

Mteremko wa kwanza uko juu ya mashamba ya Mtaa wa Juu. Wa pili uko juu ya nyumba za Mtaa wa Chini. Utakaosalimika ni ule wenye chemchemi hai. Upande wa pili wa kilima kuna machimbo ya mawe ya zamani, lakini ni mbali, na yatatumika tu ikionekana kwamba kijiji kizima kinachota kwenye chemchemi moja. Hapo miteremko yote miwili itahesabiwa kuwa eneo la maji na haitaguswa.

"Nitakuja kukagua tarehe tatu Oktoba," alisema. "Si kabla. Wakati wa mvua hata unyayo wa ng'ombe ni chemchemi."

Watu walicheka. Mwenyekiti wa kijiji, Kundan Singh, hakucheka. Alikuwa anatazama ukuta wa ndani wa duka.

Pale pana picha. Mwalimu Lalit aliikuta kati ya picha za jumba moja la makumbusho, akaichapisha mjini Almora, akampa Puran aitundike juu ya mapipa ya biskuti. Imechorwa kwa rangi za maji, mchoraji Mwingereza asiyejulikana jina, mwaka 1867. Mashamba ya mpunga yanashuka ngazi kwa ngazi, mpunga umeanza kuiva. Nyumba zina paa za mawe bapa, na moshi unatoka. Nyuma kuna milima ya theluji na mierezi. Mbele ni naula, kijumba cha mawe chenye nguzo nne kinachofunika chemchemi, na wanawake wamekizunguka na mitungi ya shaba. Pembeni mwanamume ameegemea nguzo. Ngoma yake ameiweka juu ya ngazi ya naula. Chini kumeandikwa kwa penseli: Naugari, Septemba.

Naula hiyo haipo leo. Sijawahi kusikia mtu akisema ameiona.

"Ni yetu," alisema Kundan Singh. "Tazameni mierezi. Mierezi iko kwetu Juu."

27 Juni

Mvua. Milima haionekani. Paa la marehemu mama, lililonirudisha nyumbani msimu huu, linavuja pale pale lilipovuja mwaka jana.

1 Julai

Wanaume wa Mtaa wa Juu wameanza kuchimba korongoni chini ya mierezi. Wana majembe, mitaimbo na maoni mengi. Wakiipata naula, mteremko wao utapona na kifusi kitakwenda Chini. Hakuna aliyeitaja sehemu hiyo ya pili kwa sauti.

Jirani yangu Saruli, shangazi yangu kwa upande wa baba, alikuja kutazama akiwa amejifunika gunia kichwani. Nilimuuliza kuhusu mtu wa ngoma kwenye picha.

"Mzungu alikosea," alisema.

"Alikosea vipi?"

"Mwanangu, umezaliwa hapa au umeokotwa? Mpiga ngoma aweke ngoma juu ya ngazi ya maji yetu? Alimchora kwa kupamba tu. Kama wanavyochora tausi."

Kundan Singh alisema hivyo hivyo. Puran pia. Watu wa Chini ni wapiga ngoma na wafua shaba, sisi wa Juu ni wenye mashamba, na mkono wa Chini haugusi mtungi wa Juu. Sheria ilikwisha kulikataza jambo hilo kabla sijazaliwa. Shuleni limekwisha. Jikoni bado.

9 Julai

Siku ya kupandikiza mpunga kwenye shamba kubwa la Kundan Singh. Wanawake wa mitaa yote miwili walikuwa ndani ya tope hadi mapajani, na Cheta Ram wa Mtaa wa Chini alisimama kwenye tuta na ngoma yake ndogo, akiimba mstari mmoja, wao wakiitikia. Ndani ya wimbo mpiga ngoma ana ruhusa.

"Shangazi Saruli, mche wako umepinda kama mguu wa mumeo!"

"Mume wangu amekufa, ewe mpumbavu!"

"Ndiyo maana haunyooki!"

Hata Saruli alicheka mpaka akakaa majini. Wimbo ulipokwisha, ruhusa nayo ilikwisha. Chai ililetwa. Glasi za watu wa Chini zilitolewa kwenye tundu la ukuta wa nje, zinakokaa mwaka mzima, na wao wakanywa upande wao.

Nilimuuliza Cheta Ram anaionaje picha ya dukani.

"Picha ipi?"

Nilikuwa sijafikiria. Wao hununua dirishani. Ukuta wa ndani hauonekani kutoka dirishani.

Nilimwonyesha kwenye simu. Aliitazama kwa muda mrefu, akaikuza kwa vidole viwili vyenye tope, akanirudishia.

"Anajua kuchora," alisema, akaenda kukaza ngozi ya ngoma yake.

16 Julai

Sikukuu ya Harela. Saruli aliniwekea machipukizi ya shayiri kichwani akaniombea maji yasikauke na meno yasing'oke. Mawingu.

22 Julai

Mawingu. Ruba wawili, mmoja ndani ya soksi.

30 Julai

Nimegundua kwamba picha ina njia ya kujipima yenyewe. Nyuma ya naula mchoraji ameweka vilele viwili vikubwa, na katikati yao jino dogo la theluji. Jino hilo huonekana mahali pengine kijijini, na mahali pengine hufichwa na mgongo wa kilima. Mtu akisimama na picha mkononi siku ya anga safi, atajua mchoraji alisimama wapi. Nilimweleza Kundan Singh.

"Basi ngoja anga safi," alisema.

"Mpaka Septemba?"

"Mimi sihitaji jino. Nina mierezi."

2 Agosti

Wamepata mawe matatu yaliyochongwa korongoni, na maji yanachuruzika chini yake. Kundan Singh amevunja nazi na kugawa sukari guru. Nimeyatazama mawe. Yanaweza kuwa ya naula. Yanaweza kuwa ya kizingiti cha zizi. Maji ni ya matope. Kila shimo la mwezi huu lina maji.

"Na mpiga ngoma?" niliuliza.

"Mzungu alikosea," walisema watu wanne kwa pamoja.

11 Agosti

Maporomoko saa kumi alfajiri, juu ya barabara ya zamani. Hakuna aliyeumia. Bomba la maji limekatika sehemu mbili. Ndilo bomba pekee la Naugari, na linalisha mitaa yote miwili, Juu kwa koki nne, Chini kwa moja.

12 Agosti

Wanawake wa Juu wanateka maji kwenye kijito kilicho ng'ambo ya msitu wa mialoni. Njia inateleza. Nimeenda mara moja na goti langu limekataa mara ya pili. Saruli, mwenye umri wa miaka themanini kama haongopi, ameenda mara mbili.

14 Agosti

Kwenye njia ya kijito nimeona wanawake wa kila nyumba ya Juu. Sijaona mwanamke hata mmoja wa Chini. Niliwauliza wenzangu kama wale wa Chini huja alfajiri. Hakuna aliyejua. Hakuna aliyewahi kujiuliza.

15 Agosti

Nimeteremka Mtaa wa Chini baada ya gwaride la bendera shuleni, la sikukuu ya uhuru. Mvua ilikuwa imekata kidogo. Mbele ya nyumba ya Cheta Ram, mkewe Khimuli alikuwa anaanika nguo kwenye kamba. Shuka tatu, nyeupe, hazina doa la tope. Nguo zangu zina wiki hazijaona maji.

"Dada mwandishi," alisema Khimuli bila kugeuka, "umekuja kutafuta habari, au zimekutuma zenyewe?"

"Nimekuja kuona nguo safi."

Aligeuka. Alinitazama, akazitazama shuka, na nilimwona akijilaumu.

"Baba Mohan!" aliita ndani. "Njoo. Nimetutia aibu kwa sabuni."

Cheta Ram alitoka akila mkate wa wimbi na chumvi ya pilipili. Hakuuliza kilichonileta. Aliumaliza mkate, akafuta vidole, akasema, "Vua viatu."

Tuliingia zizini. Mlikuwa na ng'ombe wawili na mtamba. Nyuma ya hori, alisogeza ubao, na nyuma ya ubao palikuwa na nguzo nne za mawe.

Nimeandika habari kwa miaka thelathini na nimejifunza kutoamini jambo linaloonekana zuri mno. Kwa hiyo nilihesabu. Nguzo nne, kama kwenye picha. Maua ya kuchongwa kwenye nguzo ya kushoto, kama kwenye picha. Maji ni maangavu, mkono wangu ulizama hadi juu ya kiwiko, baridi ya kuuma. Ngazi ni tatu. Kwenye ngazi ya juu, jiwe limelika na kuacha duara, upana wa ngoma kubwa.

"Babu zetu waliiweka pale wakisubiri maharusi," alisema Cheta Ram. "Bibi harusi wa kwetu huja kwenye maji siku ya kwanza. Mpaka leo huja. Tunawapitisha zizini."

"Wale wanawake kwenye picha ni wa kwenu."

"Wangekuwa wa nani, na mtu wetu ameegemea nguzo?"

"Kwa nini mliificha?"

Khimuli ndiye aliyejibu. "Tulikuwa na chemchemi mbili. Ya mwaloni, kule juu ya barabara ya zamani, na hii. Mwaka wa bomba watu wa Juu walikuja wakasema ya mwaloni ni ya wote. Tukasema sawa. Bomba lake likaenda Juu. Sisi tukaachiwa koki inayokohoa. Baba mkwe akajenga zizi wiki ile ile."

"Mhandisi alipokuja Juni, mngesema."

"Nani alituuliza?" alisema Cheta Ram. "Walikuwa wanaulizana wao kwa wao."

Nilimwambia mteremko wake utapona akimwonyesha Tomar maji haya. Alisema anajua.

"Basi?"

"Basi kifusi kitamwagwa Juu." Alinionyesha kwa kidevu kupitia mlango wa zizi, kule ambako mashamba ya Juu yalikuwa yamening'inia juu ya paa lake. "Dada, kifusi cha juu hukaa juu mpaka mvua ya pili. Baada ya hapo kinakuja kwetu, na mpunga wa Kundan Singh ndani yake. Nikinyamaza nafukiwa mwaka huu. Nikisema nafukiwa mwakani."

"Yapo machimbo."

"Machimbo yanataka kijiji kizima kichote hapa." Alicheka kidogo. "Umewahi kumwona shangazi yako akichota zizini kwangu?"

Nilimwambia sitapeleka neno gazetini wala kwa Kundan Singh mpaka yeye aseme.

"Na kwenye uso wako?" aliuliza Khimuli. "Uso wako ni gazeti."

16 Agosti

Bomba bado. Saruli alianguka njiani, mtungi ukabonyea. Yeye hakuumia. Nilipanda naye nikiwa kimya, na njia nzima nilijua maji yako wapi.

28 Agosti

Bomba limeungwa. Maji ya kahawia. Kundan Singh amezungushia mawe yake ukuta mdogo na kibao: Naula ya Kale ya Naugari.

6 Septemba

Mawingu. Mpunga umetoa masuke.

17 Septemba

Khatarua, sikukuu ya ng'ombe. Watoto walizungusha mienge mazizini kufukuza maradhi, halafu mioto ikawashwa njia panda, matango yakakatwa na kugawiwa. Kila mtaa una moto wake. Cheta Ram alikuja hadi katikati ya mioto miwili. Aliongea kama mtu anayezungumza na tango lake.

"Maji ya mwenyekiti yanapungua, sivyo?"

"Yamefika kwenye kifundo cha mguu."

"Anga likifunguka, mtembeze na ile picha. Usimwambie kitu. Mwache miguu yake imwambie."

18 Septemba

Anga limefunguka. Milima yote, kutoka ukingo hadi ukingo, kama iliyooshwa usiku.

Niliitoa picha ukutani kwa Puran, aliyelalamika, nikamchukua Kundan Singh. Tulianza kwenye mierezi. Vilele viwili vilikuwepo. Jino halikuwepo.

"Theluji imeyeyuka," alisema.

"Tushuke kidogo."

Tulishuka tuta kwa tuta, yeye akiangalia mlima, mimi nikiangalia njia. Chini ya shamba lake la mwisho ncha ilichomoza. Tulipofika nyuma ya nyumba ya Cheta Ram, jino lilikuwa katikati ya vilele, lote, kama lilivyochorwa. Mbele yetu palikuwa na kisiki cha mwerezi kipana kama kitanda, na zizi.

Kundan Singh aliitazama picha, akaangalia zizi, akarudi kwenye picha. Kidole chake kilimgusa mwanamume mwenye ngoma.

"Mzungu hakukosea," alisema.

"Hapana."

Ni mtu niliyemwona mwepesi wa kubisha tangu tukiwa shule. Nilitegemea aseme kisiki si ushahidi. Alikaa juu yake. Baadaye aliuliza, "Maji yapo?" Nikamwambia amuulize mwenye zizi. Hakwenda. Alirudi nyumbani kwa njia ndefu.

24 Septemba

Hakuna mvua kwa siku sita sasa. Naula ya Kale ya Naugari imekauka. Ndani mna chura mmoja. Mtu ameng'oa kibao, na nadhani ni mwenye kukiweka.

27 Septemba

Kikao Mtaa wa Chini, uani kwa Cheta Ram. Kundan Singh alikuja na wazee watatu, na kwa mara ya kwanza nilimwona akikaa kwenye mkeka wa watu hao. Kwanza alioneshwa maji. Alitoka zizini na samadi kwenye soksi na hakuifuta.

"Nitachota mimi," alisema. "Kwa niaba ya Juu nzima. Mhandisi ataona, ataandika, basi."

"Kwa niaba ya wote utakunywa pia?" aliuliza Khimuli. "Tumbo lako kubwa, mwenyekiti, lakini si kubwa hivyo."

Mmoja wa wazee alikohoa kuficha kicheko.

"Tomar si mjinga," alisema Cheta Ram. "Nimempigia simu, nikamuuliza bila kutaja mtu. Amesema atasimama na kuhesabu nyumba zinazochota. Kila nyumba ya Juu ilete mtungi. Na maji yaingie jikoni, yasiishie kwa ng'ombe."

"Wazee hawatakubali."

"Basi ataona chemchemi hai, na kifusi kitakuja kwenu."

"Na kwenu kitashuka."

"Najua. Ndiyo maana umeketi hapa na hujafukuzwa."

Ng'ombe alikojoa. Kundan Singh aliuliza kama baada ya hapo kutaletwa bomba.

"Hakuna bomba," alisema Cheta Ram. "Anayetaka maji atakuja kwa miguu. Zizi tunalivunja kesho. Na ngoma yangu itakaa juu ya ngazi, pale pale."

"Ya nini?"

"Imo kwenye picha."

Kundan Singh alisema hawezi kuahidi nyumba ya mtu mwingine, ila yake. Mzee mmoja alisema mtungi wake utakuja lakini mkewe ndiye mwenye jiko. Wawili waliinuka kutafuta viatu vyao.

29 Septemba

Zizi limevunjwa. Ng'ombe wamehamia kwa shemeji yake Khimuli. Naula iko juani. Watoto wa Juu wamekuja kuchungulia, wamenywa kwa viganja na wamerudi kwao kuchapwa, au kutochapwa, kulingana na nyumba. Sijaweza kuhesabu.

30 Septemba

Cheta Ram ameniruhusu kuandika. Gazeti litasubiri tarehe tatu. Hakuna habari mpaka mitungi ifike, au isifike.

2 Oktoba

Nimepita nyumba zote za Juu, ishirini na moja. Saba zimesema zitakuja. Tano zimesema hapana. Zilizobaki zimenipa chai.

Saruli alikuwa uani tangu asubuhi, anasugua mtungi wake wa shaba kwa majivu na limau, ule uliobonyea njiani kwenye kijito. Aliusugua mpaka ndani ya mbonyeo. Nilimuuliza kama ni kwa ajili ya kesho.

"Sijui," alisema.

"Shangazi, unasugua tangu jua lichomoze."

"Nimesema sijui. Lakini mtungi mchafu hauendi popote." Aliugeuza, akausugua upande mwingine. "Yule mjinga ataweka ngoma kweli?"

"Amesema ataiweka."

"Aiweke pembeni, basi. Ngazi inateleza, na mimi nikibeba mtungi nina mkono mmoja tu wa kushikia."

Mhandisi Tomar atafika kesho, Jumatano tarehe tatu, saa nne asubuhi, naula ya Mtaa wa Chini.